"Kimekuja na Node, basi kiko sawa"

Jana tena. Kijana kanipigia, deploi (kupandisha programu kwenye seva) imegoma, na kabla sijauliza swali la pili: "Lakini kaka, hatujagusa kitu. Tunatumia kilichokuja na Node." Kauli hiyo nimeisikia mpaka masikio yameota sugu.

Dhana: kilichopakiwa pamoja na Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) ni sehemu ya Node, kwa hiyo hakihitaji kuangaliwa.

Ukweli: kusafiri pamoja si undugu. npm, kidhibiti pakeji (kinacholeta maktaba za msimbo kwenye mradi), imepanda basi moja na Node tangu 2011, lakini ni mradi mwingine wenye matoleo yake. Faida ipo, sibishi: unasakinisha mara moja, na mwanafunzi wa siku ya kwanza anaandika `npm install` inakubali. Ila unapewa nakala iliyogandishwa siku toleo lako la Node lilipotoka.

Muulize aliyetegemea Corepack mwanzoni mwa 2025. Ilikuwa ndani ya Node tangu enzi za Node 16, kazi yake kukuletea pnpm au Yarn (vidhibiti pakeji vingine) ya toleo ulilotaja kwenye `package.json`, faili la maelezo ya mradi. Tumboni ilibeba funguo za kuhakiki saini za rejista ya npm, ghala la pakeji. Rejista ikabadilisha funguo, Corepack ya zamani ikabaki na zake. Hujagusa hata mstari mmoja, seva inakutemea `Cannot find matching keyid`. Dawa ilikuwa fupi, `npm install -g corepack@latest`, lakini wapo waliotibu laptopu wakaisahau Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga kontena ya seva. Na kuanzia Node 25, Corepack haimo kabisa. Aliyeandika `corepack enable` akalala atakutana na `command not found`.

Andika toleo la Node na la kidhibiti pakeji ndani ya mradi. Nikiona `node:latest` (yaani toleo lolote jipya kabisa) kwenye Dockerfile nafunga laptopu nakwenda kunywa chai.

Dhana: bila axios (maktaba ya kutuma maombi ya HTTP) huwezi kuita API. Unaweza. `fetch` imo ndani ya Node 18 na kuendelea, bila kuwasha chochote. Ila haipigi kelele seva ikijibu 404, kagua `response.ok` mwenyewe.

Dhana: Create React App (zana ya kuanzishia miradi ya React, maktaba ya kujenga kurasa) imestaafishwa, kwa hiyo React inakufa. Hapana, jamani! Kilichowekwa kando Februari 2025 ni kapu tu: webpack, Babel, ESLint na Jest vimefungwa pamoja. Kuingia kulikuwa rahisi. Kutoka ni kwa `eject`, amri inayomwaga mipangilio yote ndani ya mradi wako, nayo haina kurudi. Mradi mpya anza na Vite, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo.