Nailoni au uzi wa kusuka: mwulize chelezo

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Mafinga alinikuta bwawa la Mtera, upande wetu wa Iringa, nimekaa juu ya jiwe kabla jua halijachomoza vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za Mafinga?"

"Baridi tu."

Akafungua begi lake na kutoa fimbo nzuri yenye rili mpya, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Rili ilikuwa imejaa uzi wa kusuka wa kijani, ule ambao karatasi yake inasema unabeba kilo kumi na tano. Akafunga chelezo, kile kipande kinachoelea juu ya ndoano, akafunga ndoano moja kwa moja kwenye uzi uleule, akachomeka nyungunyungu, akarusha. Hadi saa mbili na nusu mimi nilikuwa na perege saba ndooni, yeye hana hata mmoja, na tulikuwa hatua kumi tu kutoka kwa mwenzake. Chelezo chake kilikuwa kinadonolewa kama changu. Upepo ulipoanza, ndipo mambo yake yalipoharibika kabisa: chelezo kikawa kinatembea chenyewe kuelekea kulia kama kuna mtu anakivuta.

Akaniuliza, "Mzee, lakini huu uzi si ndio imara zaidi?"

Imara ni imara kweli, wala sibishi. Ila uvuvi wa chelezo hauulizi kwanza uzi una nguvu gani. Unauliza uzi unalala vipi juu ya maji kati ya ncha ya fimbo na chelezo. Nilimweleza pale kwa kirefu, na kwa kuwa swali hili naulizwa karibu kila wiki na wanaoniletea rili zao nizijaze, nimeona niliandike.

Nailoni ni uzi mmoja mzima, umetolewa mashineni kama tambi moja ndefu isiyo na kiungo. Nailoni yenyewe ilitengenezwa na mkemia Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1935. Uzi wa kusuka ni nyuzi nyembamba nne, nane au zaidi zilizosukwa pamoja kama nywele. Nyuzi hizo ni za poliethilini, jamii ya plastiki inayotengeneza madumu ya maji, isipokuwa hii imevutwa mpaka minyororo yake mirefu ikalala upande mmoja, na hapo ndipo inapopata nguvu ya ajabu. Sasa shika namba tatu. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1. Nailoni ni kama gramu 1.14. Poliethilini hiyo ni kama 0.97. Maana yake nailoni inazama polepole, na uzi wa kusuka unaelea. Zipo nyuzi za kusuka zilizochanganywa na nyuzi nzito ili zizame, lakini hizo za bei ya kawaida zinazoletwa madukani kwetu zinaelea.

Watu husifia uzi wa kusuka kwa sababu mkono unahisi kila kitu. Samaki akigusa chambo, wewe unapata habari kidoleni. Hiyo ni kweli, na kwa anayevua chini kwa chubwi, yaani kizito cha kuzamisha ndoano, bila chelezo ni faida kubwa. Baba yangu alivua Matema, Ziwa Nyasa, kwa mshipi wa mkono, ndani ya mtumbwi, na kidole chake cha shahada kilikuwa ndicho jicho lake. Mwenye chelezo hana haja hiyo. Habari inakuja kwa macho: chelezo kinatikisika, kinalala, kinazama. Kwa hiyo ile sifa kuu ya uzi wa kusuka, ambayo umeilipia, hapa haifanyi kazi yoyote. Zinazobaki kazini ni tabia zake nyingine, na kwenye maji yaliyotulia nyingi zinakugeuka.

Ya kwanza ni upepo. Kipupwe kikiwa kimekolea, Mtera asubuhi maji ni kioo, halafu jua likipanda upepo unaanza kupiga na kuzidi mpaka jioni. Uzi unaoelea unakuwa mali ya upepo. Unapinda juu ya maji na kufanya tumbo, tumbo linakua, na mwisho linakiburuta chelezo kutoka pale ulipomwaga chambo cha kuvutia. Samaki akivuta, unashtua fimbo, yaani unaivuta ghafla ili ndoano ishike, na nguvu yako yote inaishia kunyoosha lile tumbo. Ndoano kule haijasogea hata kidogo. Ndicho kilichompata kijana wangu.

Dawa ya nailoni ni rahisi. Rusha mita mbili au tatu kupita mahali unapotaka, zamisha ncha ya fimbo majini, zungusha rili mara tatu nne kwa haraka. Uzi unazama chini ya ngozi ya maji, chelezo kinarudi mahali pake, upepo unapita juu. Nailoni mpya huwa na mafuta ya kiwandani na inaweza kugoma kuzama. Chukua kitambaa, weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pitisha uzi mita ishirini za mwanzo. Inakubali papo hapo.

Kwa nini basi perege wamkatae hata kabla ya upepo? Hapo linaingia suala la kurefuka. Nilifanya jaribio hili nyuma ya nyumba, na wewe unaweza kulifanya. Nilifunga nailoni ya milimita 0.25 kwenye nguzo ya uzio, nikapima mita ishirini, nikafunga mwisho wake kwenye mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama. Nikavuta taratibu mpaka mshale ukasoma kilo moja. Nilikuwa nimerudi nyuma karibu hatua mbili kamili. Nikafanya vilevile kwa uzi wa kusuka: sikusogea hata futi moja. Nailoni hurefuka kati ya asilimia 15 na 30 hivi kabla ya kukatika. Uzi wa kusuka ni asilimia chache tu.

Wengi wakiona jaribio hilo husema, basi nailoni ni mbovu, inapoteza nguvu ya kushtua. Kwa samaki wa mbali sana, ndiyo, inapoteza. Lakini mwangalie perege anavyokula. Ana mdomo mdogo. Haumezi mnyungunyungu kwa pupa. Anaufyonza, anauonja, akihisi kitu kigumu anautema. Muda wote huo ni kufumba na kufumbua macho. Uzi usiorefuka, pamoja na fimbo ngumu, unapeleka mshtuko wote mara moja: ama unamnyang'anya chambo kabla hajafunga mdomo, ama unampasua mdomo na anaponyoka nusu ya njia. Nailoni inampa nafasi. Kurefuka kwake ni kama springi kati ya mkono wako na mdomo wake, na akikurupuka miguuni pako, pale ambapo uzi umebaki mfupi na wengi hupotezea samaki, springi hiyo ndiyo inayokuokoa. Anayevua kwa mwanzi mtupu bila rili, huu mwanzi wetu wa ulanzi uliokomaa na kukauka, ambao ni mgumu kuliko fimbo nyingi za dukani, asijaribu kabisa uzi wa kusuka. Hana rili ya kutoa uzi wala nailoni ya kurefuka. Kitu lazima kiachie, na mara nyingi ni mdomo wa samaki.

Kuna na usumbufu mdogo unaochosha siku nzima. Uzi wa kusuka ni laini kama uzi wa cherehani, hauna mgongo. Ukirusha, unajizungusha kwenye shingo ya chelezo au kwenye ndoano, nawe hujui mpaka dakika kumi zipite. Nailoni ina ukakamavu unaoiweka mbali na chelezo. Vilevile, ukivua kina kirefu karibu na ukuta wa bwawa kwa chelezo cha kuteleza, unahitaji fundo dogo la kizuizi juu ya uzi. Kwenye nailoni fundo la uzi wa pamba linang'ang'ania. Kwenye uzi wa kusuka linateleza, unajikuta unavua kina usichokichagua. Na zile risasi ndogo za kubana kwenye uzi ili chambo kizame, tafadhali zibane kwa plaizi, usizibane kwa meno. Risasi ni sumu.

Sasa niutendee haki uzi wa kusuka, kwa sababu yapo maji ambayo mimi mwenyewe nauchagua.

La kwanza ni mto. Ruaha Mdogo hapa Ipogolo, maji yakiwa ya kiasi, unakiachia chelezo kitembee na mkondo mita kumi na tano, ishirini, kikipeleka chambo chini ya matawi. Hapo unataka uzi unaoelea, kinyume kabisa na bwawani. Uzi uliozama unashikwa na mkondo wa katikati na kukiburuta chelezo upande. Uzi unaoelea unaunyanyua kwa ncha ya fimbo na kuulaza upya upande wa juu wa mkondo, chelezo kikiendelea na safari yake bila kujua. Na kwa kuwa haurefuki, ukishtua umbali huo unafika. Mwenye nailoni pekee asikate tamaa: apake mafuta ya mgando kidogo sana kwenye mita kadhaa za mwanzo, itaelea saa nzima.

La pili ni visiki. Bwawa la Mtera lilipojaa lilifunika miti, na hadi leo mashina yake yamesimama majini, mengine yamejitokeza na mnandi wamekaa juu wakianika mabawa. Kambale anapenda humo. Ukimshika kambale wa kilo tano kwa nailoni ya 0.25 jirani na kisiki, springi ile niliyoisifia inampa yeye mita mbili za bure, na mita mbili zinamtosha kuzunguka shina. Hapo natumia uzi wa kusuka wa 0.20 au zaidi, chelezo kikubwa cha ndala ya zamani nilichokichonga mwenyewe, na simpi nafasi hata kidogo.

Lakini hata hapo ndoano siifungi kwenye uzi wa kusuka. Naunganisha kwanza kipande cha nailoni nene, 0.40, urefu wa mita moja na nusu hivi, ili chelezo na risasi vikae juu ya nailoni na uzi wa kusuka ubaki nyuma. Uzi wa kusuka ukisuguliwa na jiwe au gamba la mti huku umekazwa, zile nyuzi zinakatika moja moja mpaka unaachia ghafla. Nailoni nene inakwaruzika na kuendelea kuvuta.

Na ukinasa kwenye kisiki, usiuvute uzi wa kusuka kwa mkono. Mwaka juzi niliuzungusha mara mbili kiganjani nikavuta kwa hasira. Ulizama kwenye nyama chini ya kidole kidogo kama wembe kwenye siagi. Damu haikutoka mara moja, niliona kwanza mstari mweupe, halafu mstari ukajaa. Siku hizi natembea na kijiti cha mti mgumu, kama urefu wa kalamu mbili. Nauzungusha uzi humo, nayapa maji mgongo, natembea. Tena sisogei ukingoni. Mtera ina mamba.

Kuhusu mafundo nitasema machache. Lile fundo la kuzungusha mara tano na kupitisha kitanzini, ambalo karibu kila mtu alifundishwa utotoni, linashika vizuri kwenye nailoni na linateleza kwenye uzi wa kusuka. Kwa uzi wa kusuka kunja uzi mara mbili, pitisha mkunjo kwenye jicho la ndoano, funga fundo la kawaida, kisha pitisha ndoano nzima ndani ya mkunjo na ukaze. Kwa uzi wowote, lowanisha fundo kwa mate kabla ya kukaza. Msuguano mkavu unatoa joto, na joto hilo linaidhoofisha nailoni palepale penye fundo. Uzi wa kusuka pia usiujaze moja kwa moja kwenye rili tupu. Anza na mita chache za nailoni, la sivyo uzi wote unazunguka juu ya rili kama mkanda uliolegea na utadhani rili imeharibika.

Nailoni ina adui wake, naye ni jua. Niliwahi kununua kitita cha nailoni kilichoning'inia barazani mwa duka fulani mjini, rangi ya karatasi imeshafifia. Niliona bei nikafurahi. Kambale wa kwanza aliikata kama uzi wa buibui. Kabla ya kununua fungua hatua mbili, funga fundo, vuta kwa nguvu; pitisha kati ya kucha mbili, ikikwaruza iache. Hata iliyo nzuri naibadilisha kila mwaka. Uzi wa kusuka hauchoki kwa jua upesi hivyo, na bei yake, ambayo ni kubwa mara kadhaa, inajirudisha polepole.

Kuna wanaoogopa nailoni kwa sababu wamesikia timba imepigwa marufuku. Timba ni nyavu za nailoni ya uzi mmoja, na katazo ni la nyavu hizo. Nailoni ya ndoano ni jambo lingine. Leseni ya kuvua mwulize afisa uvuvi wa halmashauri uliyopo.

Kijana wa Mafinga tulimfungia mita mbili za nailoni ya 0.20 mbele ya uzi wake wa kijani, kwa mafundo mawili ya kuvutana, mikia tukaikata fupi ili ipite kwenye pete za fimbo. Tumbo la upepo halikuisha, maana nyuma bado ni uzi unaoelea, lakini tulihamia nyuma ya ukingo unaokinga upepo, tukamrushia karibu, mita nane tu. Kabla ya saa sita alikuwa na perege wanne. Wiki hii amenipigia simu niijaze rili ya pili kwa nailoni tupu ya 0.22, mita mia na hamsini.