Faili la ziada kwenye tovuti: ni nini na linakaa wapi

Ukijenga tovuti kwa programu ya usanifu, ile ambayo unaburuta picha, unaandika maneno kwenye visanduku na kuona ukurasa ukijengeka papo hapo, kazi ya kuandika HTML na CSS, lugha zinazojenga na kupamba kurasa, si yako tena. Ukibonyeza kitufe cha kuchapisha, programu inapitia kurasa zote, inakusanya kila kinachotumika humo na kukipeleka kwenye seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti yako mtandaoni. Faili la ziada ni lile lisiloingia kwenye hesabu hiyo. Linatakiwa kuwepo kwenye seva, lakini halimo kwenye ukurasa wowote uliousanifu, kwa hiyo programu haina habari nalo mpaka uiambie, au ulipeleke mwenyewe.

Mafaili haya ni ya jamii mbili, na kuzichanganya ndiko kunakosumbua wengi.

Jamii ya kwanza ni mafaili ya wasomaji: fomu ya PDF, furushi la ZIP la kupakua, fonti, rekodi ya sauti. Haya yanaweza kukaa folda yoyote, mradi kiungo kielekeze hapo hapo lilipo faili. Jamii ya pili ni mafaili ya mashine: robots.txt inayoziambia roboti za utafutaji zisiingie wapi, ads.txt inayotaja wanaoruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti, faili dogo la HTML ambalo injini ya utafutaji inakupa ili uthibitishe kwamba tovuti ni yako, na .htaccess inayotoa maagizo kwa seva inayotumia programu ya Apache. Hapa hakuna uhuru wa kuchagua folda. Roboti ya utafutaji huomba example.com/robots.txt na kuishia hapo, haitazami kwingine. Ukiiweka example.com/assets/robots.txt, kwake ni sawa na haipo.

Sasa tazama programu nyingi zinavyofanya. Zina amri ya kuongeza mafaili ya kupakiwa pamoja na tovuti. Adobe Muse, ambayo Adobe iliacha kuihudumia Machi 2020, ilikuwa nayo kwenye menyu ya File, na ulichokiongeza kiliishia ndani ya folda iitwayo assets. Kwa PDF huo ni mpango mzuri: unachagua neno au kitufe kwenye ukurasa, unakiunganisha na faili, na programu inatunza anwani yenyewe hata ukibadilisha mpangilio wa kurasa. Kwa robots.txt mpango huo haufai kitu, kwa sababu faili linapanda kweli, ila linatua pasipo mahali pake. Kabla ya kutumia amri hiyo, jua kwanza programu yako inayaweka wapi mafaili hayo.

Njia ya pili ni kulipeleka faili mwenyewe, ama kwa kidhibiti mafaili kilichomo kwenye paneli ya akaunti yako ya seva, ama kwa programu kama FileZilla. Kwa FileZilla unahitaji vitu vinne: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila na namba ya mlango. FTP ya kawaida, njia ya kupeleka mafaili kwenye seva, hutumia mlango 21; SFTP, njia nyingine inayoficha kinachopita, hutumia 22. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua SFTP, maana FTP tupu hupitisha nywila yako bila kuificha. Ukishaingia, tafuta folda kuu ya tovuti. Jina lake hutofautiana: public_html, www au htdocs. Usikisie, fungua na uangalie. Ukikuta index.html ya ukurasa wako wa kwanza, umefika, na mafaili ya mashine yanakaa bega kwa bega na hilo.

Huduma za kujengea tovuti ndani ya kivinjari mara nyingi hazitoi FTP kabisa. PDF yako hupewa anwani ndefu kwenye seva zao, na kama ni ya kubofya tu, inatosha. Uthibitisho wa injini ya utafutaji unaweza kufanyika bila faili, kwa lebo ya meta kwenye kichwa cha ukurasa au kwa rekodi ya TXT kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti yako. Lakini .htaccess kwenye huduma kama hizo, sahau.

Faili likishapanda, usianze kubofya viungo. Andika anwani yake kamili kwenye kivinjari. Likifunguka hapo lakini kiungo hakifanyi kazi, kosa liko kwenye kiungo. Lisipofunguka, kosa liko kwenye faili lenyewe au mahali ulipoliweka, na namba ya hitilafu inakupa fununu.

Hitilafu 404, yaani faili halikupatikana, mara nyingi ni jina. Seva nyingi huendeshwa na Linux, ambayo inatofautisha herufi kubwa na ndogo: Fomu.PDF na fomu.pdf ni mafaili mawili. Kompyuta ya Windows haijali tofauti hiyo, ndiyo maana kila kitu kilikwenda vizuri ulipojaribu nyumbani. Nafasi kati ya maneno nayo hugeuka %20 ndani ya anwani, na mtu akiinakili kwenye ujumbe hukatika katikati. Tumia herufi ndogo na kistari: fomu-ya-maombi.pdf.

Kuna mtego mwingine wa jina usioonekana kwa macho. Windows, isipobadilishwa mipangilio, huficha herufi zinazofuata nukta ya mwisho. Unaandika robots.txt kwenye Notepad, na ukibadilisha jina baadaye unajikuta na robots.txt.txt huku skrini ikikuonyesha robots.txt. Kwenye Mac, TextEdit huanza na maandishi yenye mapambo na kuyahifadhi kwa muundo wa RTF, ambao si maandishi matupu. Geuza kwanza kuwa maandishi matupu. Na faili linaloanza na nukta, kama .htaccess, hufichwa na Mac na pia na baadhi ya vidhibiti mafaili mpaka uwashe kuonyesha yaliyofichwa. Watu hulipakia mara tatu wakidhani halikupanda. Hilo lishughulikie kwa uangalifu: amri moja ikikosewa, tovuti nzima inaweza kurudisha hitilafu 500, yaani seva yenyewe imekwama. Hifadhi nakala ya lile la zamani kabla hujaligusa.

Hitilafu 403 inamaanisha seva inakataa kulitoa, na mara nyingi ni suala la ruhusa, namba zinazosema nani anaweza kulisoma au kuliandika. Kawaida ni 644 kwa faili na 755 kwa folda. Usiweke 777 kwa sababu tu imefanya kosa litoweke. Umempa kila mtumiaji wa seva ruhusa ya kuliandika upya.

Kiungo kinachofanya kazi kwako peke yako kikague kwa makini. Kikianza na file:///C:/ kinaelekeza kwenye diski ya kompyuta yako, ambayo msomaji hana. Na ukibadilisha PDF kwa toleo jipya lenye jina lile lile, kivinjari kinaweza kuendelea kutoa la zamani lililobaki kwenye kache yake, yaani nakala alizojiwekea. Ongeza ?v=2 mwishoni mwa kiungo, kitaomba upya.

Kinachouma kuliko vyote ni faili lililokuwepo jana na leo halipo. Baadhi ya programu, wakati wa kuchapisha, husawazisha seva na mradi, na chochote kisichomo kwenye mradi hufutwa. Ulichokipeleka kwa FTP hakimo. Tafuta chaguo la kufuta mafaili yasiyotumika na ulizime, na kwenye kompyuta yako weka folda moja yenye nakala za mafaili yote ya ziada, yakiwa yamepangwa kama yalivyo kwenye seva, ili kuyarudisha iwe kazi ya dakika mbili.

Mwisho, kutokuwa na kiungo si kufichika. Faili lililo ndani ya folda kuu linaweza kufunguliwa na yeyote anayeijua au kuibahatisha anwani yake. Kuiandika folda ya siri kwenye robots.txt ili roboti zisiingie hakuilindi: robots.txt husomwa na kila mtu, kwa hiyo umeitaja folda hadharani. Kinachohitaji siri kiwekewe nywila kwenye seva, au kisipakiwe kabisa.