Mita tano zina kazi kuliko mita thelathini

Mara nyingi mwanafunzi mpya wa uzamiaji huniomba tuanzie "pale parahisi", yaani kwenye mwamba wa matumbawe wa ndani usiopigwa na mawimbi. Namkubalia, lakini nusu tu. Ni kweli maji yale ni shwari. Wimbi limeshavunjikia huko nje, mkondo ni mdogo, na ukiibuka unaikuta boti palepale ulipoiacha. Tatizo ni kina: mita tatu, nne, pengine saba. Na maji mafupi ndiyo yanayomtesa mzamiaji ambaye bado hajajua kuelea katikati ya maji bila kupanda wala kushuka.

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na wa angahewa yote iliyo juu yetu. Hewa iliyomo kwenye jaketi lako la kuelea, lile unalolijaza na kulipunguza hewa kwa kitufe, husinyaa na kutanuka kwa kufuata mgandamizo huo. Panda kutoka mita 30 hadi 25, hewa itatanuka kwa asilimia 14 hivi. Panda mita tano zilezile kutoka mita 5 hadi juu, itatanuka kwa asilimia 50. Ikitanuka inakuinua, na ukiinuka inazidi kutanuka. Anayeanza hushtukia anapaa kama boya, anaitoa hewa yote kwa pupa, kisha anashuka kwa kishindo juu ya matumbawe.

Matumbawe yenyewe ya hapo si ya kuangukiwa. Pasipo na mawimbi makali, yale yenye matawi membamba na yale yaliyotandaa kama meza hupata nafasi ya kukua bila kuvunjwa. Yale manene ya mviringo hustahimili zaidi, ila mengi yake hukua sentimita moja hivi tu kwa mwaka. Kinachoniuma zaidi ni mchanga. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, na ndani ya miili yao huishi mwani unaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ukitimua mchanga kwa mapezi yako, mwanga unazibwa, na wanyama hao wanalazimika kutumia nguvu zao kutoa ute wa kujisafisha. Huko nje mkondo ungeuzoa mchanga huo. Hapa ndani, kwa sababu ya utulivu uleule tuliousifu, unashuka polepole na kuwakalia.

Kwa hiyo somo langu la kwanza ni risasi za mkandani, yaani vile vipande vizito vya madini vinavyomsaidia mzamiaji kuzama. Mtungi wa hewa ya kupumua wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una hewa yenye uzito wa karibu kilo tatu, na ukibakiza baa 50, zaidi ya kilo mbili zimeshatoka. Pima uzito wako mtungi ukiwa umekaribia kwisha, jaketi likiwa tupu: ukivuta pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Zamani nilikuwa namwongezea mwanafunzi kilo mbili ili azame upesi. Mmoja wao alivunja tumbawe la meza pana kuliko mikono yangu iliyonyooshwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo siongezi hata kipande kimoja cha kuharakisha mambo.

Baada ya risasi ni pumzi. Lita moja ya ziada mapafuni inakuinua kwa nguvu ya kilo moja hivi, lakini mwili huitikia baada ya sekunde kadhaa. Wengi hawasubiri, wanakimbilia kitufe cha jaketi. Vuta, subiri, toa, subiri. Ila usibane pumzi kamwe: mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita moja na nusu tu. Miguuni, piga teke la chura, magoti yakiwa yamekunjwa, ili maji yasukumwe nyuma na si chini.

Mwisho wa mbizo tunasimama dakika tatu kwenye mita 5, na hapo ndipo ninapomjua mwanafunzi wangu. Anayetapatapa huwatawanya samaki wote. Akitulia, mikono kifuani, kifua kikipanda na kushuka bila haraka, pono hurudi mwambani, na tunaanza kusikia meno yao yakikwangua jiwe.