Damu ya puani kwa dereva wa pikipiki: yanayosemwa steji na ukweli wake

Anayetoka Malindi kwa pikipiki mwezi wa Julai akielekea Limuru au Nyahururu hupanda zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Voi iko mita 600 hivi, Makindu 1,000 hivi, Nairobi karibu 1,700, na kila kituo baridi inaongezeka. Kabla ya kufika juu, glavu inapita puani na kurudi na wekundu. Huo ni muhina, kutokwa na damu puani. Mara nyingi si ugonjwa, ila kila aliye karibu huwa na dawa yake: mwagia maji utosini, inua uso, nusa ndimu, iache hiyo ni damu chafu.

Malindi kwenyewe tatizo lina msimu mwingine, kaskazi, jua linapochoma na vumbi la njia za Ganda na Langobaya kumfuata dereva hadi nyumbani. Chanzo ni kile kile cha Limuru: utando wa pua umekauka, ukapasuka.

“Inua uso juu, damu itarudi”

Damu haina pa kurudi. Ukiinua uso inateremka kooni. Ukiimeza inachafua tumbo, unatapika, na kule kujikamua kwa kutapika kunafungua upya palipoanza kuziba. Tena huoni imetoka kiasi gani. Unadhani imekoma kumbe imebadili njia tu.

Visa vingi mno, kama 9 kati ya 10, huanzia mbele kabisa, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Hapo matawi ya ateri kadhaa hukutana chini ya utando mwembamba uliolala juu ya gegedu, ule mfupa laini wa pua. Ni pale pale ncha ya kidole inapofika, ndiyo maana vidole viwili vinatosha kuizuia.

Ikikutokea ukiwa mwendoni, usiachie usukani ufute pua na usikanyage breki kwa pupa. Punguza mafuta, washa indiketa ya kushoto, toka kabisa nje ya lami, utafute ardhi ngumu ambayo stendi haitazama. Vua helmeti kwanza, maana ile ya uso mzima hairuhusu vidole kufika. Vua na glavu. Sasa keti, usilale. Inama mbele kidogo kama mtu anayesoma kitabu mapajani. Penga mara moja, taratibu, mabonge yatoke. Kisha bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada, pande zote mbili hata kama damu inatoka upande mmoja.

Bana dakika 10 hadi 15 ukitazama saa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa njia mbili. Wa kwanza hubana juu, pale miwani inapokaa. Huo ni mfupa, unaweza kuubana hadi magharibi na damu itoke vile vile. Wa pili hubana vizuri lakini huachia kila baada ya dakika mbili achungulie, na kila akichungulia anang'oa bonge changa lililokuwa linashika. Pumua kwa mdomo, na damu ikiingia kinywani iteme.

Ikiendelea, bana tena dakika 10 hadi 15. Ikiwa duka la dawa liko karibu, dawa ya kupulizia yenye oksimetazolini husinyaza mishipa: puliza mara mbili upande unaotoka damu, kisha bana tena. Haifai kutumiwa zaidi ya siku tatu mfululizo, na mwenye presha au ugonjwa wa moyo amuulize mfamasia kwanza. Jumla ya nusu saa ikipita na bado inatoka, au ikitoka kwa kasi na kuteremka kooni hata ukiwa umeinama, ni hospitali. Kwenye barabara kuu ya Mombasa, Voi na Makindu kuna hospitali za serikali. Usiende ukiendesha mwenyewe.

Ikikoma, pumzika nusu saa kabla ya kupanda tena. Kwa saa 24 zinazofuata usipenge, usichokonoe, usinyanyue gunia wala mtungi wa gesi, na chai iache ipoe. Ukiwa na pikipiki ya kuwasha kwa kitufe, tumia kitufe: kupiga kiki mara kumi asubuhi ya baridi ni kujikamua, na kujikamua ndiko unakoepuka.

“Sokota tishu uzibe, safari iendelee”

Tishu hunyonya damu na kugandana na kidonda. Ukiitoa baada ya saa moja inatoka na bonge, na unaanza upya. Vipande vingine hubaki ndani. Halafu dereva aliyeziba pua, anayesikilizia damu kooni huku lori likimpita kwa kasi, akili yake haiko barabarani.

“Limuru kuna ukungu, hewa ni mbichi, pua haiwezi kukauka”

Dhana hii ndiyo ngumu kuing'oa, kwa sababu macho yanaikubali. Nguo zimelowa umande, kioo cha helmeti kina matone, utasemaje hewa ni kavu?

Jibu liko kwenye joto. Hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi hata ikiwa imejaa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 10, iliyojaa ukungu, hubeba takriban gramu 9 za mvuke. Hewa ya Malindi ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 hubeba gramu 21 hivi. Mapafu hayapokei zote mbili kama zilivyo: hewa hupashwa hadi nyuzi 37 na kujazwa mvuke, gramu 44 kwa kila mita ya ujazo. Pwani mwili unaongeza gramu 23. Limuru unaongeza 35. Maji hayo ya ziada sehemu kubwa yanatoka kwenye utando wa pua. Kwenye nchi za Ulaya ambako majira ya baridi hufika nyuzi sifuri, hewa hubaki na gramu 5 hivi, halafu ndani ya nyumba watu huwasha joto linalokausha zaidi. Kutoka damu puani huko huongezeka miezi hiyo hiyo ya baridi.

Sasa ongeza mwendo. Upepo wa kilomita 80 kwa saa unaopiga tundu la pua lililo wazi unakausha sehemu ya mbele haraka kuliko inavyoweza kujilowanisha. Kamasi hukauka, hushikamana na ukuta, huvuta. Dereva anahisi kitu kinamkuna, anaingiza kidole. Gamba linatoka na kipande cha utando.

“Lakini pua yangu inachuruzika maji!” Ndiyo, baridi hufanya hivyo. Sehemu ya maji hayo ni mwili unaojaribu kujilinda, sehemu ni mvuke wa pumzi uliopoa na kuwa matone. Yanateremka na kufutwa. Hayabaki kulainisha ukuta. Na kufuta kwenyewe ni tatizo: mgongo wa glavu ya ngozi ukisugua pua mara hamsini kutoka Emali hadi Athi River unafanya kazi ya msasa. Beba leso laini, simama, gusia tu.

“Helmeti ya uso mzima inaziba pumzi, ndiyo inayoleta damu”

Ni kinyume. Inayoacha pua kwenye upepo ni ile ya kichwa wazi. Helmeti ya uso mzima, kioo kikiwa chini, huhifadhi mvuke wa pumzi mbele ya pua, na hewa unayovuta inakuwa na joto na unyevu kidogo. Malalamiko ya kweli ni kioo kufunga ukungu. Paka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo upande wa ndani, sambaza, kisha futa kwa kitambaa kikavu hadi kioo kionekane safi; utando unaobaki huzuia matone kwa muda. Kioo kiache wazi kama upana wa kidole ukiwa mjini, kifunge ukishika barabara kuu.

Mwenye helmeti ya kichwa wazi afunge kitambaa cha pamba, hata kipande cha kikoi, kiguse juu ya pua na kuteremka chini ya kidevu. Mikunjo miwili inatosha. Kikilowa na pumzi, badilisha, beba viwili. Kukilowesha kwa maji kabla ya kuondoka si werevu: kwenye baridi kinaipoza pua, na kikijaa maji kinazuia hewa hadi unakishusha mwenyewe.

“Maji ya bahari ni dawa, tumia hayo”

Chumvi ndiyo, bahari hapana. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na maji yanayoendana na mwili yana gramu 9. Ukivuta ya ufukweni unaichoma pua iliyokwisha kuchubuka, achilia mbali uchafu uliomo. Maji ya kisima yasiyochemshwa nayo yaache, hata kama ni matamu.

Tengeneza hivi: chemsha lita moja ya maji, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi safi ya mezani, kilichosawazishwa. Si chumvi ya mawe ya magunia kutoka Marereni. Ionje, iwe kama machozi. Ikiwasha, imezidi chumvi au imepungua. Kwa chupa safi ya matone au sirinji isiyo na sindano, tia matone machache kila tundu kabla ya kuondoka, kila unaposimama kujaza mafuta, na usiku. Yaliyobaki mwaga baada ya siku moja. Maji haya pia hulainisha magamba ya vumbi yatoke bila kidole.

Kisha mafuta ya mgando, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa pande zote mbili. Yapake kwa ncha ya kidole kwenye ukuta wa kati, mbele tu, mara mbili kwa siku kwa wiki moja au mbili, kisha bonyeza pua kwa nje yasambae. Usiyasukume ndani na usiyapake unapokaribia kulala, kwani mafuta yanayovutwa hadi mapafuni kwa muda mrefu huweza kuleta homa ya mapafu. Mafuta safi ya simsim nayo hulainisha pua kavu, kwa tahadhari ile ile. Ya kuchua, yenye mentholi, yaache kabisa: yanaleta hisia ya pua kufunguka huku yakiuwasha utando. Ugoro vivyo hivyo.

Maji utosini, barafu kisogoni, ndimu, damu chafu

Maji utosini yanakulowesha tu, na Limuru saa kumi na moja alfajiri ni kujitafutia baya lingine. Barafu kisogoni haina uthibitisho wa maana. Ukiwa nayo, kipande kidogo cha kumumunya huku umebana pua kina mantiki zaidi. Ndimu inauma. Damu chafu haipo puani. Ni ile ile iliyomo mkononi.

“Ni presha hiyo”

Inawezekana, lakini haraka ya hukumu hii huwadhuru watu. Presha ya juu hufanya damu iwe ngumu kukoma. Kwamba ndiyo inayopasua mshipa si jambo lililo wazi. Na mtu aliyeona shati lake jekundu, kipimo chake kitapanda kwa hofu. Asiongezewe vidonge hapo hapo. Apimwe tena akiwa ametulia, siku tofauti. Ikiwa inarudia kufika 140/90 au zaidi, aanze matibabu kwa daktari.

Kinachosahaulika ni dawa za mgongo. Dereva wa masafa hununua diklofenaki au ibuprofeni kama anavyonunua peremende. Hizi, pamoja na aspirini, hupunguza uwezo wa chembe za damu kushikana. Ya aspirini hudumu hadi siku 7 au 10, kwani chembe zilizoguswa hazirudii hali yake mpaka zibadilishwe. Kwa maumivu ya safari chagua parasetamoli. Aliyeandikiwa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiache kwa uamuzi wake. Amweleze daktari kuhusu damu. Muguka nayo huongeza mapigo na presha kwa muda, na anayetafuna usiku kucha hunywa maji kidogo kuliko anavyodhani.

Damu inayorudi kila wiki licha ya mafuta na maji ya chumvi, inayoandamana na fizi kutoka damu au michubuko isiyo na sababu, au inayotoka upande mmoja tu ambao umeziba kwa wiki kadhaa, inataka mtaalamu wa pua, masikio na koo.

“Ameanguka, damu ya pua ni kawaida tu”

Hapa sheria hubadilika. Aliyeanguka na pikipiki na kugonga kichwa, usimvue helmeti kwa pupa na usimkunje shingo ili ainame. Akipumua vizuri, mwache alivyo, mshike kichwa kisicheze, ita msaada. Maji meupe yanayochuruzika puani, au damu iliyochanganyika na maji kama hayo, huenda ni majimaji ya ubongo kutoka kwenye mfupa uliovunjika. Usizibe, usimwambie apenge.

Aliyeinuka mwenyewe akasema yuko sawa, mtazame ndani ya pua kwa tochi ya simu siku hiyo na kesho yake. Uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, kwenye ukuta wa kati, pamoja na pua iliyoziba na maumivu yanayozidi, ni damu iliyonasa juu ya gegedu. Gegedu hulishwa na utando ulioinuliwa na damu hiyo. Ikikosa chakula huanza kufa ndani ya siku moja hadi tatu, na mgongo wa pua hubonyea kama tandiko. Hospitalini hupasuliwa kidogo na kukamuliwa. Aende siku hiyo hiyo, asingoje uvimbe ushuke wenyewe.