Je, Wajua Kwa Nini Kijana wa Zanzibar Aliyepatikana na Hatia ya Bomu la Dar es Salaam Hakuuawa?

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori la friji aina ya Nissan Atlas lilifika karibu na geti la ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Mbele yake lilikuwepo gari la kubeba maji. Lori likalipuka. Gari la maji lilipokea sehemu kubwa ya kishindo hicho, na hilo ndilo lililolinusuru jengo. Hata hivyo watu 11 walikufa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Asubuhi hiyohiyo bomu la Nairobi liliua watu 213. Walengwa walikuwa Wamarekani, lakini Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Waliozikwa ni wa kwetu.

Miaka mitatu baadaye Mzanzibari mmoja, Khalfan Khamis Mohamed, alikuwa mahakamani New York, na waendesha mashtaka wakitaka auawe. Hakuuawa. Kwa nini?

Kwanza tuone alifanya nini. Wakati wa mlipuko alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuwa mpangaji mkuu, wala si yeye aliyeliendesha lori hadi getini. Dereva alikuwa Mmisri aliyefia humohumo. Kazi ya Mohamed ilikuwa ya mikono. Nyumba ya Ilala iliyotumika kutengenezea bomu, yeye ndiye aliyeipanga. Alisaidia kusaga baruti aina ya TNT na kuipakia kwenye lori pamoja na mitungi ya gesi. Siku yenyewe alipanda lori, akashuka njiani, akarudi kuomba dua ili mwenzake afanikiwe. Baadaye alivuka mipaka kwa jina la bandia hadi Cape Town, akapata kazi kwenye mgahawa wa kuuza hambaga. Huko ndiko alikokamatwa Oktoba 1999, na mara moja akakabidhiwa kwa maofisa wa FBI na kusafirishwa New York.

Tarehe 29 Mei 2001 jopo la raia 12 lilimkuta na hatia, yeye na wenzake watatu. Msomaji wa huku anaweza kudhani hapo mambo yamekwisha: ameua, anyongwe. Lakini katika mahakama za shirikisho za Marekani, kesi ya namna hii ni kama kesi mbili. Ya kwanza huuliza kama mtu alitenda. Ya pili, mbele ya raia walewale 12, huuliza kama mtu huyu, pamoja na alichotenda, anastahili kufa. Wanajopo hupewa fomu ndefu yenye mambo yanayoongeza uzito wa kosa upande mmoja na yanayoupunguza upande wa pili, na huruhusiwa kuongeza ya kwao. Ili mtu ahukumiwe kifo, wote 12 lazima wakubaliane. Akikataa mmoja tu, basi, ni kifungo cha maisha. Wasifananishwe na wazee wa baraza wa mahakama zetu, ambao hutoa maoni tu na jaji ana hiari ya kuyaacha. Wale 12 neno lao humfunga jaji.

Waendesha mashtaka walikuwa na hoja nzito. Watu 11 wamekufa, familia zimevunjika. Tena, Novemba 2000, mtu aliyefungwa naye chumba kimoja gerezani New York alimchoma askari jela jichoni kwa kitana kilichochongwa ncha. Serikali ilidai Mohamed alishiriki, na kwamba mtu huyu ni hatari hata akiwa nyuma ya nondo. Mawakili wake walikanusha ushiriki huo. Wakasema alikuwa mtu wa chini, anayetumwa, na waliomtuma walikuwa bado huru.

Kabla ya zamu yake alitangulia mwenzake, Msaudi Mohamed al-Owhali, aliyepanda lori la bomu la Nairobi hadi ubalozini. Tarehe 11 Juni serikali ya Marekani ilimuua Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la Oklahoma City. Kesho yake, tarehe 12, jopo la New York lilisema halikuafikiana juu ya al-Owhali. Yaani hata mtu wa Nairobi, mwenye roho 213 shingoni, alikwepa sindano ya sumu. Kwenye fomu yao, wanajopo 10 kati ya 12 waliandika kwamba kumuua kungemfanya aonekane shahidi. Wako pia walioona kifungo cha maisha ndiyo adhabu kali zaidi.

Kwetu neno hilo shahidi lina sura mbili: anayesimama kortini kueleza alichokiona, na anayekufa kwa ajili ya imani. Wanajopo walikuwa wamewasikia mashahidi wa aina ya kwanza kwa miezi, watu waliotolewa kwenye vifusi. Wengi wao hawakutaka kuitengeneza aina ya pili. Nadhani walikuwa na haki. Mtu aliyeomba dua ili lori lifike salama getini, kifo si lazima kimtishe.

Tarehe 10 Julai 2001 ikawa hivyohivyo kwa Mohamed: hawakuafikiana. Hiyo ndiyo sababu ya kisheria aliyobakia hai.

Lakini kuna jambo jingine ambalo huku halisemwi sana, na mimi ndilo linalonigusa zaidi. Tarehe 28 Mei 2001, siku moja kabla ya hukumu ya hatia, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa uamuzi juu ya Mzanzibari huyuhuyu. Ilisema serikali yake ilivunja Katiba kumkabidhi kwa Wamarekani bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Kwamba yeye mwenyewe alikubali kwenda hakukuhalalisha kitu. Kisha ikaagiza nakala ya uamuzi ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York. Wakati huo alikwishakuwa mikononi mwa nchi nyingine, na majaji wa Johannesburg hawakuwa na uwezo wa kumrudisha. Walichoweza ni kusema wazi kwamba nchi yao imekosea, na barua ikaenda.

Uamuzi huo ulisimama juu ya ule wa Juni 1995, mahakama hiyo ilipofuta adhabu ya kifo Afrika Kusini. Na katika kufikia ule wa 1995, majaji walisoma pia kesi ya kutoka Tanzania. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kunyongwa inapingana na Katiba yetu. Mahakama ya Rufani ilimpindua Januari 1995: ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Hoja iliyoshindwa nyumbani ikasomwa Johannesburg, na miaka sita baadaye mahakama ileile ikamtetea mwana wa nchi iliyotoka hoja hiyo.

Sasa fikiria kama Mohamed angeshitakiwa Dar es Salaam na kukutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kisingemwachia jaji nafasi: mtu mzima aliyeua kwa kukusudia ahukumiwe kunyongwa. Hakuna fomu, hakuna kuuliza nani alimtuma wala nani aliliendesha lori. Halafu pengine asingenyongwa kamwe, maana Tanzania imeishi na kamba hiyo bila kuitumia tangu miaka ya tisini. Mtu angekaa miaka akisubiri kitu kisichokuja. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, ilisema kumlazimisha jaji kutoa kifo bila hiari kunakiuka haki ya kuishi. Nakubaliana nayo, na nasema hivyo bila kuwasahau wale 11 wa Oysterbay. Swali la kama mtu huyu afe ni zito mno kujibiwa na kifungu cha sheria kabla kesi haijasikilizwa.

Mohamed alisomewa adhabu yake tarehe 18 Oktoba 2001: kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa. Majengo mawili marefu ya New York yalikuwa yameanguka wiki tano tu nyuma, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mahakamani hapo, na kifusi kilikuwa bado kinafuka moshi. Wengi mjini humo siku hiyo wangetamani jopo liitwe tena. Sheria haikuruhusu. Wale 12 walikuwa wamemaliza kazi yao tangu Julai, wamerudi majumbani.