Deni Lilinunua Nini? Neno la Mkaguzi wa Hesabu kwa Watani wa Kirumba

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Kirumba, hapa Mwanza, kwenye kibanda umiza ninachokwenda kila wikiendi. Manchester United walikuwa nyumbani kwao Old Trafford, Arsenal wakawafunga 1-0. Bao lenyewe lilizungumzwa dakika chache tu. Kilichowasha kibanda ni mvua. Mechi ilipoisha picha zilianza kuingia kwenye simu: maji yanamwagika kutoka paa la Old Trafford, yanateremka kwenye viti kama mfereji uliopasuka.

"Wapelekeeni ndoo!" "Timu kubwa dunia nzima, bati linawashinda!" "Madeni FC! Muuze uwanja mlipe madeni!"

Pembeni yangu alikaa fundi wa injini za boti, shabiki wa United tangu akiwa mtoto. Aliinuka bila kusema neno, akalipa soda yake, akaondoka. Hajawahi kukopa hata shilingi kwa jina la Manchester United, na hakuna mkopeshaji aliyewahi kumwomba saini. Lakini ndiye aliyebeba deni kutoka pale kibandani hadi nyumbani kwake.

Utani ni wetu na siukatai. Kanda hii tunataniana hata msibani. Lakini kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba na vikundi vya wavuvi, na siku ile niliona kibanda kizima kinatumia neno "madeni" bila kujua linabeba nini. Deni moja ni mtaji, jingine ni kitanzi, na kwa nje yanafanana. Nataka nilieleze jambo hili kwa namna ambayo mtu wa soko la samaki la Mwaloni ataelewa, maana mtu wa Mwaloni analijua tayari, ila hajaambiwa kwamba ni lilelile.

Chukua mtumbwi. Tajiri mmoja ana mtumbwi mzuri, injini, nyavu nzima, na wavuvi wanaojua maji. Haudaiwi hata senti. Anakuja mtu anataka kuununua kwa milioni kumi, lakini mfukoni ana nne. Anakwenda kwa mkopeshaji kuomba sita. Mkopeshaji anauliza: dhamana iko wapi? Mnunuzi ananyoosha kidole: ule mtumbwi pale. Mtumbwi ambao bado si wake! Mkopeshaji anakubali, biashara inafungwa, na asubuhi inayofuata daftari la mtumbwi lina mstari mpya. Zamani, samaki wakishauzwa, yalikatwa mafuta, ikakatwa posho, kilichobaki wakagawana. Sasa linakatwa na rejesho, pamoja na riba yake. Ziwa ni lilelile, sangara ni walewale, wavuvi wanapiga kasia vilevile. Ila wavu ukichanika, fedha ya kuushona haipo. Halafu watu wa ufukweni wanawacheka wavuvi kwa nyavu mbovu.

Hivyo ndivyo familia ya Glazer ya Marekani ilivyoinunua Manchester United mwaka 2005. Bei ya klabu ilikuwa takriban pauni milioni 790, na zaidi ya nusu yake ilikuwa mikopo. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo iliwekewa dhamana ya mali za klabu yenyewe. Kabla ya hapo klabu haikuwa na deni. Baada ya hapo, mamia ya mamilioni ya pauni yametoka kwenye tiketi, jezi na haki za televisheni kwenda kulipa riba tu. Mwaka 2012 hisa ziliuzwa kwenye soko la New York kwa dola 14 kila moja. Nusu ya fedha iliyopatikana ikapunguza deni, nusu ikaenda kwa familia. Baadaye kukawa na magawio. Mnunuzi alilipwa na mtumbwi alioununua kwa fedha ya mtumbwi.

Sasa lile swali langu, na ndilo ninaloanza nalo kila ninapofungua vitabu vya chama chochote cha ushirika: deni hili lilinunua nini? Chama kikikopa kujenga ghala, nakwenda kuliona ghala. Nalizunguka, nahesabu mabati. Deni la 2005 la United ukilitafuta pale Old Trafford huoni kiti kipya wala paa jipya. Lilinunua umiliki, basi. Paa lililovuja Mei 2024 ni wavu usioshonwa.

Mashabiki wa Arsenal waliocheka siku ile nao wana historia ya deni, na wengi wao hawaijui kwa kuwa walikuwa watoto. Mwaka 2006 Arsenal walitoka Highbury, uwanja wa watu kama 38,000, wakahamia Emirates wenye nafasi 60,000. Walikopa mamilioni mengi kwa ajili hiyo. Kwa miaka mingi iliyofuata waliuza wachezaji wao bora na kununua kwa uangalifu wa mama mwenye watoto wengi. Kuanzia Kombe la FA la 2005 hadi lile la 2014 hawakushika kombe lolote kubwa. Nakumbuka kejeli za miaka ile hapahapa Kirumba, na walioongoza ni watu wa United. Lakini mimi mkaguzi nikienda London kuuliza deni lilinunua nini, nitaoneshwa viti 60,000. Deni la namna hiyo linauma, halafu linaisha, na ghala linabaki.

Mzee mmoja wa Liverpool, tunayemheshimu sana kibandani, alikuwa wa kwanza kusema "Wamarekani wamewaua". Nilimwambia: mzee wangu, shikamoo, lakini kumbuka 2007. Tom Hicks na George Gillett, Wamarekani pia, waliinunua Liverpool kwa mikopo mwaka ule na kuahidi uwanja mpya ambao haukujengwa. Ilipofika Oktoba 2010 benki ilikuwa inadai chake, klabu ikawa hatarini kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi na kukatwa pointi, na shauri likaishia mahakamani London. Wamiliki wakashindwa, klabu ikauzwa kwa pauni milioni 300 kwa Wamarekani wengine, ambao chini yao Liverpool imebeba ubingwa wa Ulaya na wa England. Uraia wa tajiri, kwa hiyo, hauelezi lolote. Kinachoeleza ni nani anakatwa rejesho.

Chelsea nitawapitia haraka. Roman Abramovich aliingia 2003 na kuikopesha klabu fedha zake mwenyewe, kiasi kilichofika takriban pauni bilioni 1.5. Hakudai, basi mashabiki wakaona si deni. Machi 2022 serikali ya Uingereza ilipomwekea vikwazo, klabu iliishi kwa leseni maalumu, hata kuuza tiketi mpya kukakatazwa. Klabu inayokula kwa mkono wa mtu mmoja italala njaa siku mkono ule ukifungwa.

Ila mfano unaoniumiza kuliko yote unatoka Scotland, na hapa Mwanza hauzungumzwi kwa sababu ligi yao hatuitazami. Mei 2011 Craig Whyte aliinunua Rangers ya Glasgow kwa pauni moja. Moja. Alikubali kubeba deni la benki la pauni milioni 18. Fedha ya kulilipa aliipata wapi? Aliuza mapema tiketi za misimu ijayo kwa kampuni ya Ticketus na fedha hiyo ndiyo iliyokwenda benki.

Ukivuka kwenda Bukoba, muulize mkulima yeyote wa kahawa, atakwambia jina la jambo hili: butura. Kahawa ikiwa bado maua mtini, mkulima ana mgonjwa au ada ya shule, anakuja mtu na fedha taslimu, ananunua mavuno yote kwa bei ya huruma. Serikali imeipiga vita butura miaka mingi kwa sababu msimu ukifika mkulima anachuma kahawa ya mwenzake. Rangers walibuturiwa. Kila shabiki aliyelipia kiti cha misimu ile alikuwa anachuma kahawa iliyokwisha kuuzwa.

Kodi ikaanza kulimbikizwa. Februari 2012 klabu iliwekwa chini ya msimamizi, Juni mamlaka ya kodi ikakataa mpango wa kulipwa sehemu tu ya deni, na kampuni iliyoendesha klabu tangu karne ya kumi na tisa ikafilisiwa. Timu ikaanza upya daraja la nne. Whyte alishtakiwa kwa udanganyifu, na mwaka 2017 mahakama ikamwona hana hatia. Ninasema hivyo kwa haki yake. Mashabiki wa Celtic waliimba nyimbo za sherehe, wakala aiskrimu majukwaani kushangilia msiba wa mtani. Watani hao hao, Machi 1994, walikuwa wamebakiza saa chache tu benki iwafungie milango, hadi Fergus McCann alipofika na fedha. Na wale waliochekwa walifanya nini? Agosti 2012, mechi ya daraja la nne dhidi ya East Stirlingshire, watu 49,118 waliingia Ibrox. Nikiisoma namba hiyo huwa nanyamaza kidogo. Hakuna mizania yenye mstari wa kuandika kitu kama hicho, na ndiyo mali pekee ambayo Whyte asingeweza kuiuza yote.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo nilipokuwa naelekea.

Mwaka 2017, baada ya Yusuf Manji kujiuzulu uenyekiti wa Yanga, klabu ilipita kipindi kigumu cha fedha, na baadaye kocha Mwinyi Zahera akawa anahamasisha mashabiki wachangie. Simba wakawaita watembeza bakuli. Jina lile liliuma na bado linauma. Mimi kama mkaguzi nasema bila kupepesa macho: bakuli lile lilikuwa hesabu safi kuliko mikopo yote niliyoitaja hapo juu. Shilingi iliyotumbukizwa na shabiki haina riba wala haijaweka dhamana ya mtu. Na aliyetoa mia tano amepata haki ya kuuliza imekwenda wapi.

Hiyo haki ndiyo sisi wa Mwanza hatuitumii. Tazama tulivyopoteza. Mwaka 2017 Toto African ilishuka daraja. Mwaka huohuo Mbao FC, vijana wetu, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Dodoma, Simba wakawafunga 2-1 ndani ya dakika 120. Nililia siku ile na sioni haya kuandika. Miaka mitatu baadaye, 2020, Mbao nao wakashuka, na Alliance pamoja nao. Uwanja wa CCM Kirumba ukabaki kupokea wageni. Tulihamia kibandani tukiulizana nani kafunga nani, na sikumbuki hata mara moja mtu akiuliza: timu iliyofika fainali ilikuwa na mapato gani, nani aliidai, mishahara ililipwaje?

Pamba ilirudi Ligi Kuu 2024, baada ya zaidi ya miaka ishirini, safari hii ikiitwa Pamba Jiji. Mmiliki ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Hebu tulia hapo. Sehemu ya fedha yake inatoka kwenye mfuko ambao mama ntilie wa Makoroboi anauchangia kwa ushuru, mwenye fremu anauchangia kwa leseni. Huyu si Glazer aliyeko Florida. Bajeti ya halmashauri inapitishwa na madiwani kwenye kikao ambacho mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Hesabu zake zinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ripoti inakwenda bungeni. Sidai kuna kosa lolote; sijakagua vitabu vile na sitamsingizia mtu. Ninachosema ni kwamba shabiki wa Kirumba anajua deni la Old Trafford kwa pauni, lakini hajui timu yake ya nyumbani inagharimu shilingi ngapi kwa msimu. Na hii ya nyumbani ndiyo ambayo akiuliza atajibiwa.

Haya yote niliyasema kibandani Jumamosi iliyopita, wakati wa mapumziko, kwa sauti, mwenye kibanda akiwa amepunguza televisheni kwa hisani yake. Yule fundi wa injini alikuwepo. Kijana mmoja wa Arsenal akauliza kama ni kweli mtu wa kawaida anaingia kwenye kikao cha madiwani bila barua. Nikamwambia anaingia, anakaa nyuma, anasikiliza, na akitoka anaweza kumfuata diwani wake mlangoni.

"Basi andika majina," akasema mzee wa Liverpool.

Karatasi haikuwepo. Kijana akatoa mkeka wake wa kubeti uliokwisha kuchanika kwa mechi ya saa tisa, akaugeuza. Tumepata majina saba. Fundi wa United ndiye aliyeandika la kwanza, kisha akauliza kikao kinaanza saa ngapi ili afunge karakana mapema.