Mlango Umehesabu 30,000: Ni Watu Wangapi Hao?

Ripoti nyingi za makumbusho ya mikoani hufunguliwa na namba moja kubwa: wageni wa mwaka. Ndiyo inayosomwa mbele ya bodi, ndiyo inayopelekwa kwa wafadhili. Lakini mashine ya mlangoni haihesabu wageni, inahesabu kupita. Mtu mmoja aliyeingia mara kumi ni kupita kumi, na anayechanganya mambo hayo mawili hupotoka katika karibu kila hesabu inayofuata.

Kwanza mashine yenyewe. Ile ya mwali mmoja wa mwanga huwasoma wawili wanaoingia bega kwa bega kuwa mmoja, na mtoto mfupi huweza kupita chini ya mwali. Mlinzi anayetoka na kurudi huongezeka kila mara. Ikiwa mlango ni mmoja kwa kuingia na kutoka, na mashine haitambui mwelekeo, jumla igawanywe kwa mbili. Dawa ni kuisahihisha kwa macho: mtu akae mlangoni nusu saa nusu saa, vipindi visivyopungua 12, vikitawanywa kati ya asubuhi na alasiri, siku za kazi na wikendi. Macho yakihesabu 212 na mashine 187, kizidisho ni 1.13. Siku za makundi ya shule ziwe na kizidisho chake, kwa sababu watoto wakibanana mlangoni mashine hupoteza wengi zaidi. Mashine ikisogezwa, hata kidogo tu, kazi hiyo irudiwe.

Sasa tutoke kwenye ziara twende kwa watu. Toa kwanza makundi ya shule, maana hayo yana daftari lake. Kwa waliobaki, swali moja linatosha: "Katika miezi 12 iliyopita, ukijumlisha na leo, umeingia humu mara ngapi?" Tuseme umehoji 100 wakitoka: 60 wanasema mara moja, 20 mara mbili, 20 mara kumi. Wastani wa kawaida ni mara 3, na wengi hapo hugawanya ziara 30,000 kwa 3 wakatangaza watu 10,000. Si sahihi. Anayekuja mara kumi ana nafasi mara kumi zaidi ya kukutana na mhojaji wako, kwa hiyo amejaa kwenye sampuli kupita kiasi. Mpe kila mhojiwa uzito wa 1 gawanya kwa idadi ya ziara zake: 60 wanabaki 60, 20 wa mara mbili wanakuwa 10, 20 wa mara kumi wanakuwa 2. Jumla ni 72 kati ya 100, na 72 kwa mia ya ziara 30,000 ni watu 21,600, zaidi ya maradufu ya hesabu ya kwanza. Tazama pia hadhira inavyogeuka: wale wazoefu, waliokuwa 20 kwa mia ya wahojiwa, ni chini ya 3 kwa mia ya watu. Bodi inayopanga maonyesho kwa dodoso lisilopimwa uzito inawapangia hao.

Wahojiwa hawakumbuki idadi barabara, hilo linajulikana. Ila aliyesema 40 akiwa amekuja 60 hakuharibu kitu, kwa kuwa tofauti ya 1/40 na 1/60 ni ndogo mno. Kosa linalouma liko kati ya mara moja na mara mbili, basi mhojaji asisitize hapo: "Leo ndiyo mara ya kwanza mwaka huu, au ulishakuja?"

Sampuli ya 400 hukupa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Ya 100 hukupa kama 10. Hiyo ya 100 yafaa kujua kama wengi wanatoka karibu au mbali. Haifai kudai kwamba vijana wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 23. Na viwango hivyo ni vya sampuli ya bahati nasibu, si ya watu waliotabasamu. Wahojaji wakiachwa wajichagulie, hukwepa wenye haraka, wenye watoto wanaolia na wazee wasiosikia vizuri. Weka alama sakafuni karibu na njia ya kutokea: mahojiano yakiisha, mtu mzima wa kwanza kuvuka alama ndiye anayefuata. Wakija kwa kundi, mhojiwa awe yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi mbele, mmoja tu, kwa sababu familia moja hujibu kwa sauti moja. Wanaokataa nao waandikwe: saa, umri wa kukadiria, kama yuko peke yake.

Kisha linganisha siku. Jumamosi ikileta asilimia 40 ya ziara lakini asilimia 15 tu ya mahojiano, kila jibu la Jumamosi lipewe uzito wa 2.67 na mengine 0.71.

Swali la "umeridhika kiasi gani?" mimi huliacha. Karibu wote hujibu kwamba wameridhika sana, hasa anayeuliza akiwa na kitambulisho cha jumba shingoni. Ukitaka kujua maonyesho yanafanya kazi, pima miguu: gawanya eneo la ukumbi kwa wastani wa dakika ambazo watu hukaa ndani. Ukumbi wa mita za mraba 280 unaokaliwa dakika 14 ni mita za mraba 20 kwa dakika. Beverly Serrell, mtafiti wa wageni wa makumbusho aliyeueneza utaratibu huu miaka ya 1990, alipendekeza kikomo ambacho ni kama mita za mraba 28; ukikivuka, watu wanapita tu.

Hakuna dodoso la mlangoni litakalokuambia lolote kuhusu wasiokuja. Hao watafutwe walipo, na wasiulizwe kama wanapenda makumbusho (watasema ndiyo) bali mara ya mwisho waliingia lini.

Upande wa afya ya taasisi, fedha hupimwa kwa miezi: akiba isiyofungwa na masharti ya mfadhili, gawanya kwa matumizi ya mwezi. Jengo na mikusanyo visiingizwe humo. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, zinataka pesa inayotokana na kuondoa kifaa katika mkusanyo itumike kwa faida ya mkusanyo tu, kwa hiyo haiwezi kulipa mishahara.

Stoo ndiko ugonjwa hujificha. Chukua namba 50 za bahati nasibu kutoka kwenye rejista ukavitafute vifaa. Kisha chukua vifaa 50 kutoka kwenye rafu ukatafute kumbukumbu zake. Pande zote mbili ni lazima. Upungufu wa upande wa kwanza ni wa mahali: orodha ya rafu haikusasishwa, au kitu kimeibwa. Wa upande wa pili ni wa upokeaji, vitu viliingia bila karatasi, na huenda hata umiliki wake haujulikani. Ukaguzi huu ufanyike kabla ya kupanga upya stoo. Ukishahamisha rafu, huwezi tena kujua kifaa kisichoonekana kilikuwa kimepotea au umekisogeza wewe.